Shule zimefungwa, simu zimefunguliwa: nani analea watoto wetu wakati wa likizo?



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa usiku na mchana, aliyetujaalia watoto wakawa kitulizo cha macho yetu na mtihani wa nafsi zetu. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, Sahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila shule zinapofungwa, iwe ni likizo ya Juni au ya Desemba hapa Tanzania, iwe ni ya Aprili au Agosti kwa jirani zetu wa Kenya, nyumba zetu hupokea wageni ambao ni wenyeji. Mtoto aliyekuwa akitoka alfajiri na kurejea jioni, sasa yumo ndani kutwa. Siku za mwanzo ni za furaha. Baada ya wiki moja, mama huanza kulalamika kwamba mtoto haitiki anapoitwa. Baada ya wiki mbili, mtoto halali kabla ya saa sita usiku na haamki kwa Sala ya Alfajiri. Ikifika wiki ya tatu, chakula kinaliwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu.

Wazazi wengi huliona jambo hili kuwa ni utundu wa watoto. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba ni jambo zito kuliko hivyo. Mtoto wa leo anapokuwa likizo huwa na takriban saa kumi na nne za kuwa macho kila siku. Saa hizo haziwezi kubaki tupu. Asipokuwapo mtu wa kuzijaza, kitazijaza kitu, na kitu hicho kimeshaandaliwa na wafanyabiashara wanaojua kazi yao.

Tofauti ya jana na leo

Wapo wanaosema kwamba kelele hizi si mpya, kwani hata televisheni ilipoingia masheikh na wazee walilalamika, na watoto wa wakati ule wamekuwa watu wazima wenye akili zao. Hoja hii ina haki ya kujibiwa kwa uadilifu.

Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni ya rangi mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya binafsi vilipoanza. Kwa miaka mingi mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja au mbili. Watoto walijipanga mkekani katika sebule ya mwenye nyumba, wakubwa wakiwa nyuma yao vitini. Matangazo yalikuwa na saa ya kuanza na saa ya kufungwa. Likitokea la kuchukiza, mtu mzima alinyanyuka akazima, na mtoto akaelewa kwamba hilo halifai.

Simu ya leo inatofautiana na televisheni ile kwa mambo matatu. La kwanza, haina saa ya kufungwa. Video moja ikimalizika nyingine huanza yenyewe, na ukurasa wa mitandao ya kijamii umetengenezwa usiwe na mwisho, ili anayetazama asipate pahala pa kusimama na kujiuliza kama imetosha. La pili, hutazamwa na mtu mmoja, na mara nyingi chini ya shuka, pasi na mkubwa wa kusema hili zuri na hili baya. La tatu, na ndilo kubwa, simu humsoma anayeitazama. Huhesabu alichokitazama kwa muda mrefu, kisha humletea kinachofanana nacho. Wenye mitandao hiyo hulipwa na watangazaji wa bidhaa kwa kadiri macho ya watu yanavyokaa kwenye kioo. Kwa hiyo dakika za mtoto wako ni bidhaa, na yupo anayeziuza.

Basi anayelinganisha simu na televisheni ya mkekani analinganisha bahari na kisima. Vyote ni maji, lakini mtoto humwachi peke yake baharini kwa sababu tu alikunywa maji ya kisimani na hakudhurika.

Walimwengu wanafanya nini?

Jambo hili si la Waislamu peke yao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asioneshwe skrini kabisa, na mwenye umri wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Mwongozo huohuo ulihimiza kwamba mtoto anapokuwa ameketi, mlezi wake amsomee na amsimulie hadithi. Yaani wataalamu wa Geneva wamefika palepale walipokuwa bibi zetu na hadithi zao za jioni.

Septemba 2024 mamlaka ya afya ya jamii ya Sweden iliendelea mbele zaidi. Ilishauri kwamba watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili wasizidishe saa moja hadi mbili kwa siku nje ya masomo, wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane wasizidishe saa mbili hadi tatu, na simu zisilale na watoto vyumbani. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bunge la Australia lilipitisha sheria inayozitaka kampuni za mitandao ya kijamii zizuie akaunti za watoto walio chini ya miaka 16, na utekelezaji wake ukaanza tarehe 10 Desemba 2025. Kampuni inayokaidi inaweza kutozwa faini ya hadi dola za Australia milioni 49.5. Mzazi na mtoto hawatozwi kitu.

Tunayo mazingatio katika sheria hiyo. Nchi tajiri, yenye uhuru wa biashara, imekiri kwamba mtoto hawezi kuachwa apambane peke yake na kampuni kubwa za dunia. Hata hivyo, sheria hubisha hodi kwenye mlango wa kampuni, haiingii sebuleni. Haimwambii baba aweke simu yake chini wakati wa kula, wala haimwamshi mtoto kwa Sala ya Alfajiri. Sehemu hiyo imebaki kwa yule aliyepewa amana.

Mizani ya dini

Wanachuoni wetu wameweka kanuni kwamba asili ya vitu ni halali mpaka ipatikane dalili ya kuviharamisha. Simu ni chombo, na hukumu yake hufuata matumizi yake. Kwa simu hiyohiyo mtoto husikiliza kisomo cha Qur'an na huzungumza na baba yake aliyeko Muscat kikazi. Shule zilipofungwa kwa maradhi ya korona kuanzia Machi 2020, wapo watoto waliosoma kwa njia ya simu, redio na televisheni. Kwa hiyo anayesema dawa ni kuzivunja simu zote hajatoa fatwa, ametoa hasira.

Ila kitu kuwa halali hakukuondolei hisabu yake. Katika Surat At-Tahrim, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini wazikinge nafsi zao na ahali zao na Moto. Tazama mpangilio wa amri hiyo: nafsi yako imetajwa kabla ya ahali zako. Na katika Surat Al-Israa, aya ya 36, tunafahamishwa kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Mtume (S.A.W.) naye, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, ametutahadharisha juu ya neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake: afya na wasaa. Na likizo ya mtoto ni nini kama si afya na wasaa vilivyokutana?

Tunachokipoteza

Kinachopotea kwanza ni usingizi. Mwanga wa kioo cha simu nyakati za usiku huuchelewesha mwili kutoa kichocheo kinacholeta usingizi, na yanayotazamwa huuamsha ubongo badala ya kuutuliza. Abu Barza (R.A.) amesimulia, na hadithi yake wameipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Ikiwa mazungumzo yasiyo na haja baada ya Isha yalichukiwa, tuseme nini juu ya saa nne za video? Mtoto aliyelala saa saba usiku hakuasi alipokosa kuamka Alfajiri. Amezidiwa, na aliyemwacha azidiwe ni mkubwa wake.

Kinachofuata ni mazungumzo. Mtoto mdogo hujifunza kusema kwa kusemeshwa, na mtoto mkubwa hujifunza adabu kwa kukaa na wakubwa. Luqman alipomuusia mwanawe alimwita kwa upole, akamketisha na wasia mmoja baada ya mwingine. Wasia hauingii katika masikio yaliyozibwa kwa spika, wala hautoki katika kinywa cha baba anayesoma ujumbe wa simu.

Cha tatu, ambacho wazazi wengi hawakioni, ni usalama. Mama huona afadhali mtoto akae ndani na simu kuliko kutoka nje, kwa kuwa nje kuna bodaboda na makundi ya vijana. Ana haki ya kuogopa. Lakini simu nayo ni mtaa, tena mtaa usio na taa wala majirani. Mtu mzima hujifanya mtoto katika mchezo wa simu, akaanza na utani, akaomba picha, kisha akaigeuza picha ile kuwa fimbo ya vitisho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeziharamisha picha chafu za watoto hapa Tanzania. Lakini sheria haiwezi kumsaidia mtoto aliyenyamaza, na mtoto hunyamaza kwa sababu anajua akisema atapigwa na kunyang'anywa simu.

Kwa hiyo mzazi aanze likizo kwa kumpa mtoto aman ya wazi: likikufika lolote katika simu likakutisha au kukuaibisha, njoo uniambie, nami sitakupiga. Kisha aitimize ahadi hiyo. Jambo likiwa zito, Tanzania na Kenya zote zina namba 116 ya kusaidia watoto, na vituo vya polisi vya Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kuficha jambo kwa kuogopa fedheha humpa mwovu nafasi ya kumwendea mtoto mwingine.

Upatu wa muda

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini. Kumwambia mzazi apunguze simu bila kumwambia aweke nini mahali pake ni kumwongezea mzigo. Mama anayeuza chakula sokoni tangu saa kumi na moja alfajiri hamwachii mtoto simu kwa uvivu. Anamwachia kwa sababu hana mwingine wa kumwachia. Zamani alikuwapo bibi na shangazi, na jirani aliyekuwa na ruhusa ya kumkanya mtoto wa mwenziwe. Leo tumehamia mijini, tumejenga kuta, na jirani akimkanya mtoto wetu tunamwendea kwa maneno. Walipoondoka watu, simu ikakaa katika viti vyao.

Dawa yake ni kuwarudisha watu, na njia tunayo. Wanawake wetu ni mabingwa wa upatu: watu kumi wanaoaminiana huchanga, na kila mmoja hupokea kwa zamu yake. Kwa nini tusicheze upatu wa muda? Familia nne au tano zinazofahamiana, za mtaa mmoja au msikiti mmoja, zigawane siku. Jumatatu watoto wapo kwa huyu wanajifunza kupika na kufua, na wavulana pia, kwani si uadilifu binti apewe sufuria na kaka yake apewe simu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tufanye uadilifu baina ya watoto wetu. Jumanne wapo kwa fundi cherehani au seremala. Jumatano wapo kwa bibi anayejua kusuka ukili na hadithi za kale. Alhamisi ni zamu ya kijana wa chuo awasomeshe hesabu na kusoma. Kila mzazi anatoa siku moja na kupumzika siku tatu. Pawepo daima watu wazima zaidi ya mmoja, na watoto waulizwe jioni siku yao ilikwendaje, kwani kuaminiana hakuondoi hadhari.

Kamati za misikiti nazo zina wajibu wao. Uwanja wa madrasa usifungwe likizo nzima. Asubuhi pawe na Qur'an na jioni pawe na mpira, mbio na michezo ya kamba. Huku pwani Juni na Julai ni kipupwe, jua limepoa na pepo za kusi zinavuma. Ndugu zetu walioko Oman na Ghuba wakati huohuo wamo katika joto linalopita nyuzi 40, watoto wao hufungiwa ndani kwa lazima. Sisi tumepewa hewa na kivuli, kisha tunajifungia wenyewe. WHO inapendekeza watoto wa miaka mitano hadi kumi na saba wautumikishe mwili angalau dakika 60 kila siku. Taiwan tangu mwaka 2010 imekuwa ikiwahimiza wanafunzi wakae nje dakika 120 kwa siku ili kuyalinda macho yao na tatizo la kutoona mbali.

Nyumba ianze na wenye nyumba

Ndani ya nyumba kanuni ziwe chache zinazotekelezeka. Saa ya kutazama ijulikane kwa umri wa kila mtoto, na itazamwe sebuleni. Simu zisilale vyumbani. Anayesema anaihitaji kwa ajili ya kengele ya Alfajiri na anunue saa ya mezani. Mzazi naye auulize mchezo ambao mtoto anaucheza, kama Mtume (S.A.W.) alivyomuuliza mtoto mdogo Abu Umayr habari za ndege wake aliyekuwa akicheza naye. Mtoto anayeulizwa kwa mapenzi hujibu, na anayepekuliwa kwa hasira hujifunza kuficha.

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: baina ya Magharibi na Isha simu zote ziwekwe pahala pamoja, na ya baba iwe ya kwanza. Kwetu, karibu na Ikweta, muda huo ni saa moja na dakika chache tu. Kwa ndugu zetu wa London, ambao Isha ya miezi ya kiangazi huwaingilia usiku sana, na wachague saa ya chakula cha jioni. Katika muda huo tule pamoja, tusome kurasa mbili za Qur'an, kila mmoja aeleze siku yake. Mwanzo patakuwa kimya, na watu wataangaliana kama abiria. Tusikate tamaa, kwani mazungumzo ni kama kisima kilichoachwa. Huhitaji kuchotwa mara kadhaa kabla maji hayajawa safi.

Nimesema ya baba iwe ya kwanza kwa sababu watoto hawafuati maneno yetu, wanafuata nyayo zetu. Abdullah bin Amir (R.A.) amesimulia, katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba mama yake alimwita alipokuwa mdogo akimuahidi kumpa kitu. Mtume (S.A.W.) akamuuliza mama huyo amekusudia kumpa nini. Akajibu kwamba ni tende. Mtume akamfahamisha kuwa lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Ikiwa ahadi ya tende kwa mtoto imeandikwa, je, baba anayetangaza kwamba nyumba hii haishiki simu usiku, kisha akaonekana na kioo kikimwangaza uso saa sita, amewafundisha nini wanawe? Amewafundisha kwamba sheria ni ya wanyonge. Somo hilo watalikumbuka miaka mingi, hata simu hiyo itakapokuwa imeoza jalalani.

Ndugu wazazi, Mtume wetu (S.A.W.) ametueleza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga hawezi kujitetea kwamba mbwamwitu alikuwa mjanja. Likizo ni wiki chache. Shule zitafunguliwa, na mwalimu atauliza watoto walifanya nini. Tujitahidi mtoto wetu awe na la kusimulia: sura aliyohifadhi, mkeka aliousuka, ugali wa kwanza aliousonga, jioni aliyocheka na baba yake. Na kwetu sisi kuna swali jingine litakaloulizwa na Asiyefichwa kitu.

Ewe Mola wetu, wafanye wake zetu, waume zetu na watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, uyahifadhi macho yao na yetu na kila kisichokuridhisha, na ututie nguvu tuchunge ulichotukabidhi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.